Uzi: Wachina walichukiwa Marekani kabla hawajamnyang'anya mtu kazi

Mzee wa Kumbukumbu:

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa wahamiaji kuna mdau kaandika mstari mmoja tu: Wachina walifukuzwa Marekani karne ya 19 kwa sababu walikubali mshahara mdogo wakawaharibia wenzao, yameisha. Nilianza kumjibu palepale, jibu likazidi mada yenyewe, nikaona nilihamishie huku lisije likaziba njia ya watu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Hoja ya mshahara ina ukweli, ila imeshikwa mkiani. Wachina walinyimwa haki kwanza. Huko kunyimwa haki ndiko kulikowafanya wawe kazi rahisi mikononi mwa matajiri, kisha urahisi huo ukahesabiwa kuwa dhambi yao wenyewe. Fuateni miaka mtaona.

Dhahabu ilionekana Januari 1848 kwenye kinu cha kupasulia mbao cha Sutter, pale Coloma, California. Habari zilivuka bahari hadi Guangdong, kusini mwa China, hasa Taishan na wilaya jirani karibu na mdomo wa Mto Pearl. Kule hali ilikuwa tete: Vita vya Kasumba na Waingereza vilikuwa vimepita juzi tu, mwaka 1850 ukalipuka uasi wa Taiping, na baadaye kidogo wenyeji na Wahakka wakaanza kuuana vijiji kwa vijiji. Ardhi ndogo, midomo mingi. Kijana anakopeshwa nauli, anapanda meli Hong Kong, anakwenda "Mlima wa Dhahabu", ndivyo walivyoiita California, kulipa deni polepole. Mwaka 1852 peke yake waliteremka San Francisco Wachina kama 20,000.

Sasa angalieni mwaka huohuo. Gavana John Bigler anapeleka ujumbe bungeni California akitaka wazuiwe, akiwaita makuli. Wakati huo reli haijajengwa, viwanda hakuna vya maana, mgomo wa kuvunja haupo. Mchina aliyekuwa mtoni na karai lake mara nyingi alichimba kwa niaba yake mwenyewe, tena kwenye vitalu ambavyo Wazungu walishavikimbia wakiona vimekauka. Hashushi mshahara wa mtu yeyote. Na tayari anachukiwa.

Bunge likamwekea kodi ya wachimbaji wa kigeni: dola 3 kwa mwezi mwaka 1852, dola 4 mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, mwaka 1850, kulikuwa na kodi ya dola 20 kwa mwezi iliyowakimbiza Wameksiko na Wachile wengi. Hii mpya karatasini ilisema "mgeni", lakini mlipaji mkuu alikuwa Mchina. Mtoza kodi alipata fungu lake kwenye kila alichokusanya, kwa hiyo fikirieni wenyewe alivyokuwa na bidii: anakuja kambini na bastola kiunoni, anadai, asiyelipa anapokonywa vifaa vinauzwa palepale. Kuna waliodaiwa mara mbili kwa mwezi na watu wawili tofauti, mmoja wao akiwa tapeli. Na kumshtaki huyo tapeli haikuwezekana. Kwa nini? Nakuja.

Binti Pangani:

Nimeweka mkeka. Shusha taratibu mzee wangu, usikimbie.

Mzee wa Kumbukumbu:

Haya dada, hii hapa ndiyo sababu.

Mzungu mmoja, George Hall, alimuua Mchina aitwaye Ling Sing kwenye eneo la machimbo. Mashahidi walikuwepo, Wachina, wakatoa ushahidi, Hall akahukumiwa kunyongwa. Kesi ikakatwa rufaa, na mwaka 1854 Mahakama Kuu ya California ikamwachia. Sheria ya jimbo ilisema mtu mweusi, chotara au Mhindi Mwekundu hawezi kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu. Mchina hakutajwa. Jaji Mkuu Hugh Murray akajaza pengo kwa hoja ambayo mimi kila nikiisoma nacheka halafu nakasirika: Columbus alipofika Amerika alidhani yuko Asia, ndiyo maana wenyeji akawaita Wahindi, kwa hiyo jina hilo linawagusa na watu wa Asia, kwa hiyo Mchina naye ni Mhindi Mwekundu mbele ya sheria. Kosa la baharia la mwaka 1492 likamwokoa muuaji mwaka 1854.

Watu weusi wa California walifunguliwa mlango wa kutoa ushahidi mwaka 1863. Wachina waliachwa nje hadi miaka ya 1870. Hesabuni: karibu miaka ishirini ambayo ukimwibia au kumpiga Mchina na mashahidi ni Wachina wenzake, huna kesi ya kujibu.

Ongezeni na uraia. Sheria ya mwaka 1790 ilitoa uraia wa kujiandikisha kwa "mtu huru mweupe" tu. Mwaka 1870, baada ya vita vya kukomesha utumwa, waliongeza watu wenye asili ya Afrika. Seneta Charles Sumner alipendekeza neno "mweupe" lifutwe kabisa. Maseneta wa magharibi wakaja juu, maana kulifuta kungemwingiza Mchina, na pendekezo likafa. Mchina hana kura, hana ushahidi, anakatwa kodi yake peke yake. Huyo ndiye mtu aliyekuja kusimama sokoni kutafuta kazi.

Kipanga Mweusi:

Mkuu unaandika vizuri, ila unazunguka mbuyu. Njaa ni njaa. Mtu ana watoto watano, kiwanda kinamwambia toka, pale mlangoni kuna mtu wa kupokea nusu. Hapo usimletee habari za Columbus.

Na si California tu. North Adams, Massachusetts, mwaka 1870: mafundi viatu wa chama cha Mtakatifu Crispin wamegoma, mwenye kiwanda Calvin Sampson anatuma mtu California anamletea Wachina 75 kwa treni. Mgomo ukafa. Ungekuwa wewe fundi kiatu pale ungewapokea kwa maua? Tusijifanye malaika. Hata Kariakoo leo...

Mzee wa Kumbukumbu:

Kariakoo ina nyuzi zake mkuu, nyingi tu, tusiilete hapa.

North Adams ni hoja nzuri na sikuibishi. Ila jiulize swali moja: kwa nini Sampson alisafirisha watu kilomita elfu kadhaa, wakati Massachusetts ilikuwa imejaa wahamiaji wenye njaa? Alitaka watu wasiojua Kiingereza, wasio na ndugu mjini, wasio na kura, waliofungwa na mkataba. Alinunua unyonge. Mshahara mdogo ulikuja ndani ya kifurushi hicho.

Fundi Reli:

Naingilia kidogo. Kwenye reli nilisikia Wachina ndio walikuwa kipenzi cha mabosi kwa sababu hawakugoma hata mara moja. Ni kweli?

Mzee wa Kumbukumbu:

Si kweli, na uongo huo ulifanya kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kampuni ya Central Pacific ilianza kujenga kutoka Sacramento kuelekea mashariki. Wazungu wengi walikuwa wanaichukua kama lifti: wanapelekwa hadi karibu na machimbo ya fedha ya Nevada, kisha wanatoweka. Mwaka 1865 Charles Crocker, mmoja wa wenye kampuni, akamshinikiza msimamizi wake James Strobridge ajaribu Wachina 50. Strobridge hakutaka, aliwaona wadogo wa mwili. Wakajaribiwa, wakafaulu, na kufikia kilele cha ujenzi walikuwa zaidi ya 10,000, sehemu kubwa kabisa ya wafanyakazi wote wa kampuni. Wao ndio waliotoboa mahandaki ya Sierra Nevada kwenye mwamba wa matale, handaki la kileleni likisogea kwa inchi chache kwa siku kutoka kila upande, baruti na nitrogliserini zikiwalipukia, theluji ikifukia mabanda yao wakawa wanatoka kwa njia walizochimba chini yake.

Malipo yalikuwa kama dola 30 hadi 35 kwa mwezi. Mzungu alipata kiasi kinachokaribiana na hicho, lakini yeye alilishwa na kulazwa na kampuni, Mchina alijilisha. Hapo ndipo tofauti ya kweli ilipokuwa.

Juni 1867 maelfu ya Wachina kwenye mahandaki waliweka zana chini. Walidai dola 40 na saa chache za kazi. Hakukuwa na fujo, walikaa kambini tu kwa utulivu. Crocker hakubishana nao: alizuia chakula kisipande mlimani. Baada ya wiki moja hivi njaa ikamaliza mgomo. Mabosi walikuwa wameanza hata kuulizia uwezekano wa kuwaleta watu weusi waliotoka utumwani wachukue nafasi zao. Yaani mnyonge wa leo akisumbua, anatafutwa mnyonge mwingine.

Sasa Fundi, chukua tukio hilo ulipeleke miaka kumi mbele, kwenye mkutano wa hadhara San Francisco. Mhutubu anasema Mchina kaumbwa mtumwa, hajui kudai haki. Hakuna anayemkumbusha 1867. Na ni chama kipi cha wafanyakazi wa reli kilichowaunga mkono mwaka ule? Sijakutana nacho.

Msafiri wa Sacramento:

Mimi naishi huku. Ukitoka mjini ukafuata mto kwenda kusini unakuta tuta refu la udongo, barabara inapita juu, na mashamba yako chini kuliko maji ya mto. Yale yalikuwa madimbwi ya matete. Matuta ya mwanzo mengi yaliinuliwa na Wachina kwa koleo na toroli, wakiwa ndani ya maji. Ardhi ikawa miongoni mwa mashamba mazuri kabisa ya Marekani, mali ya watu wengine. Kuna kijiji kinaitwa Locke, nyumba za mbao zimeegemeana, Wachina walikijenga mwaka 1915 kwenye ardhi ya kupanga kwa sababu sheria ya jimbo ya 1913 iliwakataza kumiliki.

Nilitaka kusema hivi: mwaka 1876 kamati ya Bunge la Marekani ilikuja San Francisco kusikiliza watu kuhusu Wachina. Waliojitokeza kuwatetea ni akina nani? Baadhi ya wachungaji, na hao hao wenye mashamba na reli, Crocker akiwemo. Sasa wewe ni mfanyakazi huna kazi, unamsikia tajiri unayemchukia kuliko wote anamsifia Mchina. Unadhani utampenda Mchina?

Mzee wa Kumbukumbu:

Msafiri umegonga msumari penyewe. Mtetezi wao alikuwa tajiri, na tajiri alitetea faida yake.

Niunganishe na mdororo. Reli ilikamilika Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Ahadi ilikuwa utajiri. Kilichokuja ni bidhaa za viwanda vya mashariki zilizouzwa kwa bei ambayo viwanda vichanga vya California havikuiweza, na mabehewa ya watu wanaotafuta kazi. Maelfu ya wajenzi waliachishwa, Wachina kwa Wazungu. Septemba 1873 ikaanguka benki ya Jay Cooke iliyokuwa imezama kwenye reli ya Northern Pacific, na nchi nzima ikaingia kwenye mdororo. California ilichelewa kuguswa na mdororo huo, ila ulipofika, ulifika pamoja na ukame wa 1876 hadi 1877 na kuporomoka kwa hisa za machimbo ya fedha ya Nevada.

Julai 1877 watu walikusanyika kwenye uwanja wa mchanga karibu na ukumbi wa jiji San Francisco, kuwaunga mkono wagomaji wa reli za mashariki. Wahutubu walizungumza juu ya mabepari. Pembeni mwa umati vijana wakapiga kelele "twendeni Chinatown", yaani mtaa wa Wachina, na kilichofuata ni usiku kadhaa wa kuchoma na kuvunja maduka ya madobi wa Kichina. Mkutano uliitishwa dhidi ya reli, kipigo akapewa dobi.

Na hapa anaingia Denis Kearney. Mwirishi, mzaliwa wa Ireland, mmiliki wa mikokoteni ya mizigo. Ile Julai, Kearney alikuwa upande wa matajiri! Aliingia kwenye kikosi cha raia kilichopewa mipini ya sururu kuwatwanga waandamanaji. Miezi miwili baadaye ndiye kiongozi wa Chama cha Wafanyakazi cha California, akimaliza kila hotuba kwa maneno yaleyale: Wachina lazima waondoke.

Oktoba akawapandisha wafuasi wake hadi Nob Hill, kwenye majumba ya wenye reli. Crocker huko juu alikuwa na kituko chake. Jirani yake Mjerumani, Nicholas Yung, mwenye biashara ya mazishi, alikataa kumuuzia kiwanja, basi Crocker akamjengea uzio wa mbao wa futi 40 pande tatu za nyumba, jua lisimwone. Uzio ule ulikuwa unaonekana kutoka mbali mjini. Kearney alitishia kuubomoa. Haukuguswa. Uzio wa Crocker ulibaki umesimama miaka mingi baada ya maduka ya madobi kuwa majivu. Crocker alikuwa na polisi, mawakili na wabunge. Dobi alikuwa na pasi na mkaa.

Kipanga, wewe unasema njaa. Kearney mwenyewe alikuwa mhamiaji. Tofauti ni kwamba Mwirishi, pamoja na dharau zote alizokutana nazo, aliweza kuchukua uraia na kupiga kura, kwa hiyo chama chochote kilimhitaji. Mchina hakuhitajika na chama chochote.

Binti Pangani:

Mzee nina swali lingine. Nimesoma kwamba walijitenga: wanakaa wenyewe, wanaume watupu, kasumba, nywele ndefu za kusuka, magonjwa. Na hela yote wanatuma kwao. Je, hilo halikuchangia?

Mwanasheria Uchwara:

Dada naomba mimi nijibu, hili ni eneo langu.

Wanaume watupu: sensa ya 1880 ilihesabu Wachina 105,465 nchi nzima, wanawake 4,779 tu. Mwanzoni mila na gharama za safari zilichangia, wengi walikusudia kurudi. Lakini mwaka 1875 ilipita Sheria ya Page, iliyosema inazuia makahaba kutoka Asia, na kwa vitendo kila mwanamke wa Kichina akawa mshukiwa. Ofisa wa Marekani anamhoji Hong Kong, kisha anahojiwa tena bandarini. Wake za watu wakaacha kujaribu. Halafu mhutubu anapanda jukwaani: tazameni, hawa hawana familia, hawana nia ya kukaa!

Kujazana vyumbani: San Francisco ilipitisha mwaka 1870 amri kwamba kila mtu mzima chumbani awe na hewa ya futi 500 za ujazo. Polisi wakawa wanavamia Chinatown usiku na kukamata waliolala. Wachina wakagoma kulipa faini, wakaenda jela kwa wingi, jela ikajaa hadi yenyewe ikavunja amri ileile ya hewa. Baraza la jiji likatafuta dawa: mwaka 1876 wakapitisha kwamba kila mfungwa anyolewe nywele hadi inchi moja. Chini ya Qing, ukoo uliotawala China wakati huo, mwanamume asiye na msuko mgongoni ni muasi, hawezi kurudi kwao salama. Ho Ah Kow alinyolewa, akamshtaki ofisa wa jela Nunan, na mwaka 1879 Jaji Stephen Field akaamua kwa faida yake, akisema wazi kwamba kila mtu anajua amri ile ilimlenga nani.

Madobi: amri ya jiji ilitaka kibali kwa duka la dobi lililo kwenye jengo la mbao, na karibu majengo yote yalikuwa ya mbao. Wachina kama 200 wakaomba, wote wakanyimwa. Wasio Wachina kama 80 wakaomba, wakapewa isipokuwa mmoja. Kesi ya duka la dobi la Yick Wo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1886, Wachina wakashinda. Hadi leo inanukuliwa: sheria inaweza kuandikwa kwa usawa na kutekelezwa kwa ubaguzi.

Magonjwa: ndui ilipopiga San Francisco mwaka 1876, maofisa wa afya waliitupia lawama Chinatown. Mtu anazuiwa kuishi kwingine, kisha analaumiwa kwa msongamano.

Kutuma hela nyumbani sitajibu. Sote humu tuna ndugu ughaibuni, tunajua tunavyozisubiri.

Fundi Reli:

Hiyo ya jela kuvunja amri ya hewa imeniua.

Kipanga Mweusi:

Sawa, sheria zilikuwa za hovyo. Lakini Rock Springs mwaka 1885 ni mishahara na mgomo, huwezi kuikwepa. Wachina waliletwa kuvunja mgomo.

Mzee wa Kumbukumbu:

Siikwepi, nilikuwa naijia, lakini nipitie siasa kwanza, maana bila hiyo Rock Springs haieleweki.

Wachina walikuwa wawili katika kila Wamarekani elfu mwaka 1880. Ila 75,000 kati yao walikuwa California, na miaka ile uchaguzi wa rais uliamuliwa kwa kura chache mno, kwa hiyo vyama vyote viwili vilibembeleza magharibi. Mwaka 1879 California ikaweka kwenye katiba yake kwamba kampuni isiajiri Mchina (mahakama ya shirikisho iliitupa), na wapiga kura walipoulizwa kama wanataka Wachina waendelee kuingia, zaidi ya 150,000 walikataa, waliokubali walikuwa 883. Oktoba 1880, siku chache kabla ya uchaguzi, gazeti moja la New York likachapisha barua inayodaiwa kuandikwa na mgombea James Garfield akitetea kuletwa kwa vibarua wa Kichina. Ilikuwa ya kughushi. Garfield alishinda urais, lakini California aliikosa kwa kura zisizofika 200. Mwanasiasa gani angethubutu tena?

Tarehe 6 Mei 1882 Rais Chester Arthur, aliyemrithi Garfield, akasaini sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kwa miaka 10, na kuthibitisha kwamba Mchina hapewi uraia.

Kwa hoja ya Kipanga, hapo uhasama ulipaswa kupungua. Mlango umefungwa, hawaongezeki. Kilichotokea ni kinyume: miaka mibaya kuliko yote ni 1885 na 1886.

Rock Springs, Wyoming. Migodi ya makaa ya mawe ya Union Pacific. Ni kweli, mwaka 1875 kampuni ilivunja mgomo kwa kuleta Wachina. Lakini waliorudisha mgodi kazini mwaka ule walikuwa Wachina 150 na Wazungu 50. Weka hiyo akilini. Kufikia 1885 Wachina walikuwa zaidi ya 300 na Wazungu kama 150, chama cha Knights of Labor kinataka mgomo, Wachina hawakuingia. Asubuhi ya tarehe 2 Septemba, ndani ya mgodi namba 6, kukatokea ugomvi wa nani ana haki ya kuchimba chumba kimoja chenye makaa mazuri. Mchina mmoja akapigwa sururu kichwani, akafa baadaye. Wazungu wakatoka mgodini, wakaenda kuchukua bunduki, mchana wakauvamia mtaa wa Wachina kutoka pande tatu. Wachina wakakimbia kuvuka kijito cha Bitter Creek kuelekea vilimani, wengine bila viatu, na nyumba zao karibu 80 zikachomwa, nyingine zikiwa na wagonjwa ndani. Waliouawa 28, majeruhi 15.

Walionusurika waliokotwa na treni wakapelekwa Evanston. Siku chache baadaye waliambiwa wapande mabehewa wanapelekwa San Francisco. Milango ilipofunguliwa walikuwa Rock Springs, mbele ya nyumba zilizoungua na maiti ambazo nyingine zilikuwa bado hazijazikwa. Kampuni ilitaka makaa yachimbwe. Washukiwa 16 walikamatwa, baraza la mashtaka halikumshtaki hata mmoja, walipokelewa mtaani kwa shangwe. Serikali ya Marekani ilikuja kulipa fidia ya dola 147,000 na ushei, ikisema ni hisani, si wajibu.

Kipanga, Wazungu 50 wa mwaka 1875 nao waliingia mgodini mgomo ukiwa umeshindwa. Nani aliwachomea nyumba?

Miezi miwili baadaye, Tacoma. Hapo hakukuwa na mgodi wala mgomo. Meya mwenyewe, Jacob Weisbach, mhamiaji wa Kijerumani, alikuwa kati ya viongozi wa umati ule tarehe 3 Novemba, ukapita nyumba kwa nyumba ukiwatoa Wachina kama 200 na kuwaswaga kwenye mvua hadi kituo cha treni nje ya mji. Nyumba zao zikachomwa. Walioshtakiwa walikuwa 27, aliyetiwa hatiani hakuna.

Kipanga Mweusi:

Ya wale 50 sikuwa naijua. Bado nasema bila mdororo wa 1873 sheria ya 1882 isingepita. Bigler alipiga kelele 1852 na Marekani nzima haikumsikiliza.

Mzee wa Kumbukumbu:

Hapo tuko pamoja. Mdororo ulitoa watu wa kusikiliza. Hotuba ilikuwa imeshaandikwa.

Binti Pangani:

Na watu weusi wa Marekani walisimama wapi?

Mwanasheria Uchwara:

Walitofautiana. Yapo magazeti yao yaliyowaponda Wachina. Lakini Frederick Douglass, mtetezi mashuhuri wa watu weusi, alihutubia Boston mwaka 1869 akisema Mchina aje, apate uraia, apige kura na agombee. Na mwaka 1879 Seneti ilipopiga kura kupunguza abiria wa Kichina melini, Blanche Bruce, seneta pekee mweusi, alikataa. Alisema yeye, anayetoka kwenye jamii ambayo juzi tu ilinyimwa uraia, hawezi kuunga mkono jambo kama hilo. Rais Hayes aliutumia muswada ule kura ya turufu.

Fundi Reli:

Zuio lilikuja kuondolewa lini?

Mwanasheria Uchwara:

Kwanza lilikazwa. Mwaka 1888 Sheria ya Scott ilifuta vyeti vya kurudi vya Wachina wapatao 20,000 waliokuwa wamekwenda kusalimia kwao. Wengine walikuwa tayari baharini na cheti mfukoni, wakakataliwa bandarini. Mwaka 1892 ikaongezwa miaka 10 na kila Mchina akalazimishwa kubeba kitambulisho. Mwaka 1902 likafanywa la kudumu.

Liliondolewa Desemba 1943, China ikiwa mshirika wa Marekani vitani na redio za Japani zikiitumia sheria ile kuwachokonoa Wachina. Nafasi walizopewa ni 105 kwa mwaka. Na zilihesabiwa kwa asili, popote ulipozaliwa: Mchina wa London na Mchina wa Havana walipanga foleni ile moja ya watu 105.